Daktari amesema ni otizimu, na ukoo mzima una dawa

Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu, ameniandikia. Mtoto wake ana miaka mitatu, daktari amesema ni usonji, yaani otizimu, na tangu siku hiyo sebule haikauki wageni. Mama mkwe anataka kilimi kikatwe. Shemeji ameleta pasta amwombee. Baba mkubwa anasema mtoto apelekwe kijijini, ataongea akichunga mbuzi pamoja na wenzake. Anauliza awajibu nini bila kuvunja ukoo.

Usijibu papo hapo. Sema "aksanti, tutaongea na baba watoto", kisha jioni mpime kila shauri kwa swali moja: lisipofaa, litamwacha mtoto katika hali gani?

Yako ya kukataa mlangoni. Kilimi hakizuii maneno ya mtoto huyu. Shida iko katika namna ubongo unavyokua, na wembe utaleta damu, usaha na hatari ya pepopunda. Dawa za majani zinazopitishwa nyuma kwa mpira zinaharisha hadi mtoto akauke maji, na figo zinaweza kuumia. Yale "matone" yanayosifiwa kwenye WhatsApp ni ndugu ya zhaveli, ile dawa ya kung'arisha nguo: yanachoma koo na matumbo. Atakayewaambia mwache chanjo, mwambieni uvumi kwamba chanjo inaleta otizimu ulitoka kwa makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, na jarida lenyewe la madaktari lililoichapa, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Surua haijafutwa Kivu. Na anayetamka neno uchawi juu ya mtoto, asomewe Katiba ya Kongo ya 2006, kipengele cha 41: inakataza wazi kumshitaki mtoto uchawi.

Sala ni jambo jingine. Pasta akaribishwe, lakini nyumbani, mzazi akiwa ndani ya chumba, robo saa, bila kufunga chakula (sukari ya damu ya mtoto mdogo inashuka upesi), bila kumkamata mikono, na spika izimwe. Watoto wengi wa namna hii kelele inawaumiza kweli. Akilia na kuziba masikio, msikubali mtu aseme ni pepo linalotoka.

Lakini msitupe kila neno la wazee! Nyanya akisema "huyu hasikii", mpelekeni apimwe masikio hata kama jina la ugonjwa limeshatolewa, maana mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Akisema "kuna wakati anaganda, macho yanageuka", rekodini kwa simu, sekunde ishirini zinatosha, na daktari aone: kifafa huwapata watoto wenye otizimu zaidi kuliko wengine. Anayewaambia mwache Kimashi mbaki na Kifaransa tu, huyo amekosea. Lugha mbili hazileti otizimu, na mtoto anahitaji lugha ambayo nyanya yake anabembelezea.

Shangazi mwenye mdomo mrefu mpeni kazi. Kila akija, dakika kumi akae chini sakafuni, uso kwa uso na mtoto. Amwite jina mara moja, ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia. Wengi wanaita mara sita mfululizo, na mtoto anazoea kutosikiliza. Maneno mawili tu: "leta kikombe", "tunawa mikono". Mezani, sombe (majani ya muhogo) kidogo iwekwe pembeni ya bugali, asilazimishwe. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara kumi na zaidi kabla ya kuonjwa, na kumfungua mdomo kwa nguvu kunarudisha kazi yote nyuma.

Kuhusu kijijini: watoto hawa hutoroka kimya, na wengi huvutwa na maji. Nyumba yoyote atakayolala, Nguba kando ya ziwa au Kabare kando ya kijito, komeo liwe juu kuliko mkono wake na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi. Wakisema "tutamwangalia sote", asiende.

Na nani awaambie haya? Kila mtu aseme na watu wake. Mama mkwe akatazwe kilimi na mwanawe mwenyewe, si na mke wa mwanawe, ambaye ataitwa mjeuri hadi kwenye matanga. Baba yuko Kamituga kwenye dhahabu? Apige simu, spika iwekwe, ukoo ukiwa umekaa, aseme: "Mama, kilimi hapana. Nimekataa mimi."