Kulala loji hakupunguzi mlima

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: mtu akitembea porini siku kadhaa na mwongozaji, halafu kila jioni anafikia loji yenye kitanda, maji ya moto na chakula kimeshaiva, huyo ametembea kweli au katalii tu? Jibu langu fupi ni katembea, tena sana. Ila ngoja nieleze, manake hili jambo linanikera muda mrefu kila nikiwasikia vijana wa vikundi vya haikingi wanavyoongea, yaani kama hujalala chini ukaamka mgongo umekufa ganzi basi hujafika kokote, ulikuwa unapiga selfi tu.

Mimi kwetu Tanga, na safari ninayoijua ni ile ya Usambara ya magharibi, Lushoto mpaka Mtae. Unaacha barabara kuu pale Mombo kwenye joto, unapandisha zile kona za Soni huku masikio yanaziba, ukifika Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari na ushaanza kutafuta sweta. Enzi za Mjerumani mji huu ukiitwa Wilhelmsthal, walikuja kukimbia joto kama sisi tu. Kuanzia hapo ni miguu. Unaingia msitu wa Magamba, unatokea Lukozi, unakata milima mpaka Rangwi kwa masista, halafu unamalizia Mtae au Mambo kule ukingoni kabisa, ambako ardhi inakatika ghafla na chini yake zaidi ya mita elfu moja unaliona tambarare la Mkomazi limetandaa, na hali ya hewa ikiwa safi Kilimanjaro nayo inajitokeza kule mbali.

Najua kuna wa kusema hilo sio pori, kuna mashamba ya kabichi njiani na watoto wa shule wanakusalimia. Sawa, mashamba yapo. Ila ingia Magamba asubuhi ukungu haujaondoka, uone miti mikubwa imevikwa kuvumwani, vile viotea vya kijivu vya kwenye magome, toka chini mpaka juu, inadondosha maji hata kama mvua hainyeshi, mbega wanaruka juu kwa juu na mikia yao myeupe halafu kimyaa, halafu tawi linavunjika sehemu usiyoiona. Hii misitu ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita kule Kenya unashuka mpaka Udzungwa, unanyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi tangu zamani sana, ndo maana ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo wazungu wanaweka kwenye madirisha yao, wenyewe wanaliita African violet, lilitoka milima hii hii ya Usambara, mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul, aliliokota mwaka 1892 akalituma kwao. Wao wanalinunua supamaketi, sisi tunapita juu yake na raba.

Sasa nije kwenye loji yenyewe. Kuna wanaosema kitanda kinaua pori. Mi nasema pori la usiku nililiona kwa sababu ya kitanda. Tulishakula, tumeoga, miguu imepumzika, mwongozaji wetu kijana wa Kisambaa akauliza nani anataka kwenda kutafuta vinyonga. Nusu ya watu walikataa hapohapo, mnajua sisi na vinyonga. Tuliobaki tukachukua tochi, tukafuata njia iliyopita nyuma ya loji pembeni ya msitu, na yeye hata hakuwa anatafuta kwa shida, anamulika tu kwenye ncha za matawi anasema yule, na yule, na yule. Kinyonga akilala rangi inampauka, anakuwa kama kakaratasi keupe kamesahauliwa kwenye jani, mchana ungepita pale pale usimwone. Akatushushia tawi moja taratibu bila kulikata. Dume, ana pembe mbili zimetoka puani kama ameazima za mtu mwingine, mkia umejikunja vizuri kabisa, jicho moja likafunguka likazunguka likatutazama, mwili wenyewe bado umelala. Tukalirudisha tawi. Dada yangu ambaye maisha yake yote akiona kinyonga anakimbia alisimama pale muda mrefu kuliko mimi.

Nani angeenda kutazama vinyonga saa tatu usiku baada ya kutembea kutwa nzima, kisha akasimamisha hema, akapigana na jiko lenye upepo, akala tambi nusu mbichi? Hakuna. Angekuwa kwenye begi la kulalia anahesabu dakika. Kitanda kilichotusubiri ndo kilitupa ujasiri wa kutoka nje.

Na jambo jingine ambalo sijui kwa nini halisemwi. Wenyeji wa milima ile wanaitembea kila siku. Kati ya Lukozi na Rangwi tulikuwa tunapandisha kilima tunahema kama mbwa, fimbo mkononi, maji yenye glukosi, mara mama mmoja akatupita na kapu la karoti kichwani na mtoto mgongoni, kavaa yeboyebo, akatupa pole ya kutoka moyoni akaendelea. Jioni yule mama anarudi kwake analala kitandani, na asubuhi anapandisha tena. Kuna mtu amewahi kumwambia mama hujatembea kwa sababu hukulala kwenye hema? Hema limeletwa na mgeni asiye na pa kufikia. Ukiwa na pa kufikia ukafikia, ubaya uko wapi jamani.

Wanaopenda kubisha huwa wanakimbilia Kilimanjaro, haya twende Kilimanjaro. Njia ya Marangu ndo njia pekee kule yenye vibanda vya kulala vyenye vitanda na magodoro, Mandara kwenye mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,700 hivi. Kwa hiyo wakaiita njia ya Coca-Cola, eti laini, na Machame ya mahema ikaitwa Whiskey. Muulize mwongozaji yeyote mzoefu wa kule kama Marangu ni rahisi. Watu wengi wanaikata siku tano, mwili haujapata muda wa kuzoea hewa nyepesi, na wanaoshindwa kufika kileleni Uhuru kwa ratiba hiyo ni wengi tu. Wanaoongeza siku moja pale Horombo, wakapanda mpaka yale mawe yenye mistari kama pundamilia kisha wakashuka kulala, hao wanajiongezea nafasi. Unaona? Kinachokuamulia ni siku na urefu wa mlima, godoro halikupunguzii hata mita moja ya zile 5,895. Kutoka Kibo usiku wa manane kwenye ule mchanga unaorudi nyuma, baridi imekamata vidole, kitanda ulichokiacha hakikusaidii kitu. Mlima Meru nao una vibanda vizuri, Miriakamba na ile ya pale Saddle, na bado unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Hiyo ndo laini mnayoisema?

Halafu kuna suala la nani anaweza kwenda. Hapa ndo naona swali lenu limekosa kitu, mmeuliza kama vile watembeaji wote ni vijana wa miaka ishirini na tano. Dada yangu niliyemtaja ana magoti mabovu na dawa za presha, mgongo wake huwezi kuulaza kwenye udongo hata usiku mmoja, lakini ukimpa kitanda kikavu, blanketi mbili na choo cha karibu anatembea kutwa, polepole, bila kulalamika. Kwenye lile kundi letu alikuwepo mzee mmoja mwalimu mstaafu, alikuwepo mama aliyekuwa hajawahi kutembea zaidi ya kituo cha daladala mpaka nyumbani. Toa loji, hao wote wanabaki Dar wanaangalia picha zenu. Na wanawake wengi wataniunga mkono hapa hata kama hawatasema kwa sauti, kuna siku za mwezi ambazo bafu lenye mlango unaofungwa sio anasa.

Starehe yenyewe tuelewane basi. Sizungumzii bwawa la kuogelea. Pale Rangwi kwa masista vyumba ni vya kawaida, shuka limenyooka linanuka sabuni, ukutani msalaba mdogo, na maji ya moto. Chakula kilianza na supu ya mboga, wakaleta viazi, kabichi, maharage, na makande pembeni manake mmoja wetu aliyaulizia akiwa getini, matunda kumalizia. Vyote vilitoka pale pale au kwa jirani. Sista aliyekuwa anahudumia alitembea meza nzima anaangalia sahani za watu, akikuta imebaki anauliza kama unaumwa. Nimelala hoteli za mjini za bei mbaya sijawahi kuulizwa hivyo.

Na hela inabaki. Hili ndo kubwa kwangu. Ukilala pale, mayai yamenunuliwa kijijini, anayefua shuka ni binti wa hapohapo, kijana wa bodaboda kalipwa kukubebea begi kubwa mpaka kituo kinachofuata wewe ukabaki na kibegi cha maji. Hayo makundi ya mahema mengi yanashusha maboksi ya chakula kutoka Kariakoo, yanakula, yanalala, yanaondoka, kijiji kinabaki na majivu na chupa. Sisemi wote. Nasema niliyoyaona njiani pale Magamba, na mwongozaji ndo alikuwa anaziokota.

Pale ambapo naafikiana na wanaobeza ni hapa: kuna watu wanauza hii safari halafu miguu wanaitoa. Niliwahi kwenda na kampuni moja, sitaitaja, kwenye ratiba imeandikwa kutembea siku zote, ile siku ndefu ya katikati tukaambiwa mvua imeharibu njia tupande gari. Tumekaa kwenye gari tunaruka ruka mashimo, tunawaona wenzetu wa kundi jingine wanatokea kwenye njia hiyohiyo iliyoharibika, viatu vina tope kidogo tu, wanacheka. Kumbe gari lilikuwa linakwenda huko kuchukua wateja wengine. Tukafika loji mapema mno, tukakaa mchana kutwa tunatazama kilima ambacho tungekuwa juu yake. Hiyo sasa ndo ya kuiita utalii wa kwenye siti. Kwa hiyo kama mnataka kipimo, msipime kitanda, pimeni mlifikaje kwenye hicho kitanda.

Kwa atakayeamua kwenda baada ya kusoma hapa, kabla hujatoa hela uliza vitu vitatu vinne. Ada ya kuingia hifadhi ya msitu, ile ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, iko ndani ya bei au utaambiwa getini? Mwongozaji anatoka hapo Lushoto na anaongea Kisambaa, manake kule ndani ndo kinachofungua milango? Begi kubwa linabebwa na nani na analipwa shilingi ngapi? Na maji ya moto ni ya aina gani, kuna sehemu yanatoka bombani, kuna sehemu unachemshiwa kwa kuni unaletewa ndoo, zote sawa ila bora ujue usije ukasimama uchi bafuni unasubiri bomba. Juni na Julai ni baridi kweli kweli na ukungu, wa Dar mtalia. Machi mpaka Mei ni masika, udongo ule mwekundu unateleza kama umemwagwa mafuta. Kata kucha za miguu kabla ya safari, mteremko wa kutoka msituni utazikata wenyewe kama hukuzikata wewe. Na kurudi kutoka Mtae basi linaondoka alfajiri mbichi giza bado, mwambieni mwenye loji mapema awaamshe, msitegemee simu manake chaji kwenye sola ni ya kugombania.

Bahshishi pia, watu huwa wanampa mwongozaji peke yake kwa sababu ndiye waliyemwona kutwa nzima. Jikoni kuna mtu ameamka saa kumi kuwasha kuni za maji yenu, muulizieni jina mumpe yake mkononi.