Faili Lako Halijaharibika, Limezidi Baiti Moja

Swali: Shikamoo mtaalamu. Natunza kumbukumbu za SACCOS moja hapa Morogoro. Nina bakapu ya GB 11 (bakapu.tar) kwenye kompyuta ya Linux, nataka kuipeleka ofisi yetu ya pili kwa flashi ya GB 32. Flashi iliikataa ikiwa nzima. Nikaigawa kwa `split -b 4G`, bado kila kipande kikubwa kinakataliwa kinapokaribia kuisha. Fundi anasema faili limeharibika, anauza programu ya kulirekebisha, na eti kuna tovuti ya kuunganisha vipande. Nimwachie kazi?

Jibu: Marahaba. Usimpe hela, na flashi usimpe kabisa.

Faili lako ni zima. Flashi yako bila shaka imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao hauruhusu faili moja kuzidi baiti 4,294,967,295. Ukiiambia split ikate 4G, inakata baiti 4,294,967,296. Umezidi baiti moja tu. Futa vipande hivyo, uchukue alama ya utambulisho ya faili zima (sha256sum), kisha ukate upya:

`sha256sum bakapu.tar > alama.txt`
`split -b 3G -d bakapu.tar bakapu.tar.`

Nukta ya mwisho usiiache. Utapata vipande vinne, .00 hadi .03. Vibebe pamoja na alama.txt, na uitoe flashi kwa utaratibu, usiichomoe tu. Kule, viunganishe kisha uhakiki alama:

`cat bakapu.tar.?? > bakapu.tar`
`sha256sum -c alama.txt`

Ukiona OK, kazi imekwisha.

Hilo neno "limeharibika" ndilo linalonichosha, maana nalisikia kila wiki. Split haijui kilichomo ndani ya faili. Haibani, haibadilishi chochote. Inahesabu baiti na kukata, kama muuza vitambaa anavyokata jora kwa mita. Kipande cha .01 kinaanzia katikati ya data, kwa hiyo ukikifungua peke yake programu lazima ilalamike. Watu wanaona malalamiko hayo, wanaingiwa na hofu, na hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kuuza "dawa". Hakuna cha kutibu. Tena programu hizo zikiachiwa vipande vyako zinaweza kuviandika upya, na hapo ndipo faili litaharibika kweli.

Makosa halisi hutokea wakati wa kuunganisha. Niliwahi kuletewa diski yenye vipande kumi na viwili ambavyo mwenyewe alivibadilisha majina: sehemu1, sehemu2, mpaka sehemu12. Kompyuta ikavipanga kwa herufi, 10 ikatangulia 2. Faili lililounganishwa lilikuwa na ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho, naye kwa kuona ukubwa umelingana alikuwa ameshafuta la asili. Tulipona kwa sababu vipande bado vilikuwepo. Ukubwa kulingana hauthibitishi kitu. Sha256sum ndiyo inayothibitisha.

Kosa jingine liko Windows. Kama ofisi ya pili wanaitumia, waandike `copy /b bakapu.tar.00+bakapu.tar.01+bakapu.tar.02+bakapu.tar.03 bakapu.tar`. Wakiiacha hiyo /b, amri inavichukua vipande kama maandishi, na kila kimoja kinaishia kwenye baiti ya kwanza ya 1A (alama ya mwisho wa maandishi) itakayokutana nayo. Kwenye data iliyobanwa, baiti hiyo hutokea kwa wastani mara moja katika kila 256. Alama wataipata kwa `certutil -hashfile bakapu.tar SHA256`, wailinganishe na ile ya alama.txt.

Kuhusu hiyo tovuti, nasema na kila anayetunza data za watu, si wewe peke yako. Bakapu ya SACCOS ina majina, simu, akiba na madeni ya wanachama. Ukiipandisha kwenye seva ya mtu usiyemjua, umemkabidhi yote hayo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Utakuwa umefanya hivyo kwa ajili ya kazi ambayo cat, iliyomo tayari kwenye kompyuta yako, inaimaliza kwa dakika chache bila intaneti. Kama fundi ameshanakili flashi yako, mwambie mwenyekiti wa bodi leo.