Kulienzi Shairi Lililong'ara

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni msimamizi wa kundi la washairi linalokutana mtandaoni, na kila mwezi tunachagua kwa kura shairi moja la kulienzi. Tatizo ni kwamba taji huzunguka mikononi mwa watunzi wawili au watatu wenye marafiki wengi, na chipukizi wameanza kunyamaza. Je, tuuache utaratibu huu?
Msimamizi mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu Msimamizi, msiuache, kwa maana mtunzi anayeweka shairi lake mbele ya watu asipate hata neno moja hukata tamaa upesi kuliko yule anayekosolewa. Kinachohitaji kubadilika ni namna ya kuchagua. Washairi wa haiku, yaani tungo fupi sana za Kijapani, nchini Japani wana mkutano uitwao kukai, ambamo kila mtu huwasilisha tungo zake bila jina, kisha tungo hizo hunakiliwa na watu wengine ili hata mwandiko usimfichue mwenyewe, na kila mshiriki huchagua zilizomgusa. Chaguo zinaposomwa kwa sauti, ndipo mtunzi hujitaja. Ninyi mnaweza kufanya hivyo kwa wepesi zaidi: mashairi yatumwe kwako peke yako, uyaondoe majina, uyape namba, na wewe uliyeyaona majina usipige kura. Wapo watakaoutambua mtindo wa malenga fulani hata akijificha, na hilo halizuiliki, lakini urafiki utakuwa umepunguziwa nguvu.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba kila kura iambatane na sababu, na sababu hiyo ioneshe mahali katika shairi. "Shairi tamu, hongera malenga" ni maneno ya upendo, lakini yanaweza kuandikwa chini ya shairi lolote, hata ambalo halijasomwa. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Mlango haujafungwa, baba hajaturejea,
Kila jioni hupangwa, sahani ya kungojea.

Msomaji makini atasema kwamba mizani imetimia, silabi nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane katika utao, yaani nusu ya pili, na kwamba vina vimeshikana, lakini hataishia hapo. Atajiuliza ni nani anayeipanga sahani, na ataona kwamba kitenzi "hupangwa" kimemficha mtendaji, huku "hu-" ya mazoea ikitueleza kuwa jambo hili limerudiwa jioni nyingi ambazo mtunzi hakutaka kuzihesabu. Ataona pia kwamba neno "huzuni" halimo popote, ilhali huzuni yote imekaa juu ya sahani tupu. Mtunzi akisomewa hayo, hujua ni wapi alipopatia, na wanachama wengine hujifunza kusoma. Katika mushaira, yaani mikusanyiko ya washairi wa Kiurdu, msikilizaji aliyeguswa huita "mukarrar", maana yake "rudia", na mshairi huirudia beti ileile. Sifa huangukia pale pale ilipostahili. Natamani sana makundi yetu yawe na wasikilizaji wa namna hiyo.

SWALI: Katika kundi letu, mashairi ya vina na mizani hushindanishwa na mashairi huru, na kila mara hutokea mabishano. Je, ni haki kuyapima pamoja?
Mpenzi wa tungo zote

JIBU: Mabishano haya ni ya zamani. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya mashairi huru, "Kichomi", mwaka 1974, wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walihoji iwapo tungo zisizofuata vina na mizani zastahili hata kuitwa mashairi, na hoja hiyo bado haijazimika. Mimi nayaita mashairi bila kusita, lakini nashauri kila utungo upimwe kwa ahadi uliyoitoa wenyewe. Aliyechagua tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila beti, ameahidi mizani, basi mizani ikipungua amelegeza kamba aliyojifunga mwenyewe. Aliyechagua shairi huru hana kina cha kumbeba, kwa hiyo aulizwe kwa nini mshororo umekatwa hapo ulipokatwa, na kama taswira zake zinaweza kusimama bila muziki wa vina. Mkiweza, enzini mawili kila mwezi, moja la kila aina.

SWALI: Shairi langu lilichaguliwa kuwa bora, nami nikafurahi. Baada ya siku chache nililikuta limesambazwa bila jina langu, na beti moja imebadilishwa. Niliambiwa nishukuru kwamba linapendwa. Je, nimekosea kuumia?
Chipukizi

JIBU: Hujakosea hata kidogo, mwanangu. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na marekebisho yake, haki ya mtunzi huanza bila kusajili chochote, na tangu marekebisho ya mwaka 1928 mkataba huo unamtambulia mtunzi haki ya kudai kwamba kazi ni yake na kupinga kuharibiwa kwake kunakoweza kumvunjia heshima. Waandikie waliolisambaza, kwa upole lakini bila kuzunguka, uwaombe warudishe jina lako na beti yako kama ulivyoiandika. Msimamizi wa kundi naye aombe idhini kabla ya kulitoa shairi lolote nje ya kundi, hata likiwa limeshinda.

Ikiwa aliyebadilisha beti yako alitaka kweli kuongeza sauti yake, ushairi wa Kiswahili una njia ya heshima ya kufanya hivyo, nayo ni takhmisa: katika takhmisa ya kale, mtunzi wa pili huchukua mishororo miwili ya mwenzake bila kuigusa, akatanguliza mitatu yake inayofuata kina kilekile, ikawa mitano. Ni kazi ngumu, kwa sababu hulazimu kuisoma beti ya mwenzako mpaka ujue inakoanzia pumzi yake. Mwalike aijaribu kwa beti yako, na majina yenu yote mawili yaandikwe juu, lako likitangulia.