Kataa Chai Kabla Haijainjikwa

Vijana wa kata yetu, yaani usharika wetu wa kanisa ambalo watu huliita la Mamormoni, wakipata barua ya wito wa umisionari hunijia na swali lile lile: nibebe shati ngapi? Beba sita. Viatu jozi mbili, soli ya kushonwa, maana ya gundi itabanduka kwenye mchanga wa Dar kabla hujamaliza miezi mitatu. Hayo ya begi yamekwisha. Sasa kaa nikusimulie wiki moja ya Juni 2019 pale Temeke, kwa sababu karibu kila nilichopaswa kuambiwa kabla sijatoka Kakamega kilinipata ndani ya siku zile saba.

Wakati huo Dar haikuwa na misheni yake, yaani eneo lake la wamisionari, ilianzishwa 2020. Tulikuwa chini ya Nairobi, ndiyo maana Mluhya alijikuta Temeke. Nilikuwa na miaka 20 na beji nyeusi kifuani inayoniita Mzee. Kanisani umeshalizoea jina hilo, kila mmisionari wa kiume ni Mzee fulani. Barabarani ni kichekesho. Wazee wa kijiwe cha kahawa walikuwa wakituona, mimi na mwenzangu kutoka Utah, miaka 19 na chunusi juu, wanainuka kwenye benchi: "Shikamooni wazee!" Mimi nilinuna wiki mbili nzima. Mwenzangu, ambaye Kiswahili alikisoma kwa kukariri, akajibu "Marahaba" kwa dhati kabisa. Kijiwe kikacheka mpaka kahawa ikamwagika, na tangu siku hiyo tulikuwa na pa kukaa. Wao na kahawa yao, sisi na maji na kashata.

Jina la kanisa nalo jiandae. Watu wanatuita Mamormoni, na tangu 2018 viongozi wametuhimiza tutaje jina lote, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Jaribu kulimaliza mlangoni kwa mtu anayekaanga samaki.

Jumatatu ya wiki hiyo ilikuwa siku ya maandalizi kama kawaida: kufua, sokoni, simu nyumbani. Mambo yalianza Jumanne.

Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa ametualika baada ya kutuona tukipita kila siku na baiskeli. Tukapiga hodi, akatukaribisha kwenye mkeka, akamtuma mtoto dukani kukopa sukari. Nilimwona mtoto akitoka. Nilijua anakwenda kufuata nini. Nikanyamaza, nikijiambia nitasema baadaye kwa upole. Baadaye ikafika na vikombe viwili, chai ya rangi yenye iliki, mvuke unapanda, na hapo ndipo nikafungua mdomo: "Sisi hatunywi chai. Nipe maji tu."

Yule mama alikaa kimya. Kisha akasema, "Nipe?" Halafu, "Kwani mnaniogopea uchawi?"

Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa pumzi moja. Kwetu Kenya "nipe maji" haina ubaya, lakini Dar usiposema "naomba" unaonekana umekuja kudai deni. Na chai iliyokwisha kumiminwa si kinywaji tena, ni heshima ya mwenye nyumba, na sukari ya mkopo iko ndani yake. Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa letu, linakukataza chai na kahawa, sawa, lakini halikukatazi kusema mapema. Sema ukiwa bado unavua viatu: "Mama, sisi chai ya majani imani yetu hairuhusu, lakini ukiwa na mchaichai tutafurahi." Mchaichai hauna tatizo, na kila uani kuna shina lake. Mwenyeji anabaki na la kukukirimu, nawe unabaki na nadhiri yako. Mimi niliondoka pale nimeinamisha kichwa, vikombe vimejaa nyuma yangu.

Jumatano alfajiri mwenzangu akaamka anatetemeka ndani ya shuka mbili. Zahanati, tone la damu kidoleni, malaria. Tukapewa dawa ya mseto: vidonge vinne, tena vinne saa nane zikishapita, kisha vinne asubuhi na vinne jioni mpaka 24 viishe, na avinywe akiwa amekula. Wamisionari hutembea wawili wawili. Mmoja akilala, mwingine amefungwa naye ndani. Nami nilikuwa na daftari limejaa miadi, na Jumamosi tulikuwa na ubatizo.

Nitakueleza jambo nisiloandika kwenye barua za kila wiki wakati ule. Nilimkasirikia kwa kuumwa. Sikusema, ila nilikuwa naweka sahani mezani kwa kishindo, nachungulia saa, nafunguafungua daftari. Alhamisi mchana akanitazama kutoka kitandani akasema polepole, akitafuta maneno, "Unaniangalia kama pancha."

Nikatoka uani. Kwa kuwa siwezi kwenda mbali naye, uani ndio ulikuwa mwisho wa dunia yangu. Palikuwa na beseni na mashuka yake yaliyolowa jasho. Nikayafua. Ukinisikiliza jambo moja katika haya yote, nisikilize hapa: watu unaotumaini kuwafundisha utawaona saa moja kwa wiki, lakini huyu mmoja, ambaye hukumchagua, utakuwa naye mchana na usiku mpaka uhamisho. Jifunze anapenda uji mzito au mwepesi. Mimi nilikuja kujua siku ile, miezi miwili baada ya kuanza kuishi naye. Alipenda mzito, na kila asubuhi nilikuwa nampikia mwepesi.

Jioni hiyo mlango ukagongwa. Yule mama wa chai, na chupa ya chai mkononi. "Msiogope," akasema, "ni mchaichai."

Jumamosi maji yalikatika mtaa mzima. Kisima cha ubatizo hakijazwi kwa ndoo tatu. Rais wa tawi, kiongozi wa usharika wetu pale, ikabidi aagize boza la maji, likafika limechelewa saa mbili. Aliyebatizwa alikuwa fundi wetu wa baiskeli, mtu mrefu kama mnazi. Sala ya ubatizo lazima itamkwe neno kwa neno, na mtu azame wote, mashahidi wawili wakiangalia. Mara ya kwanza niliteleza ulimi. Mara ya pili maneno yakanyooka, nikamlaza, na mwenzangu, shahidi mmojawapo, uso ungali wa manjano, akainua kidole: dole gumba la mguu limebaki juu ya maji. Mwambie mtu mrefu akunje magoti. Hakuna aliyeniambia. Mara ya tatu fundi mwenyewe akaninong'oneza, "Mzee, nisukume tu, sivunjiki."

Jumatatu nikapiga simu nyumbani. Tangu Februari mwaka ule tulikuwa tumeruhusiwa kupiga kila wiki. Waliotutangulia walisubiri Krismasi na Siku ya Mama. Ushauri wangu wa simu: usimdanganye mama, lakini mwanzie habari mwishoni, mgonjwa akiwa tayari amepona. Nikamsimulia fundi, kisha boza, kisha malaria, kisha mashuka. Akanyamaza kidogo.

"Mpe simu huyo mwenzako."

Nikampa. Akakaa wima. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umepona? Haya. Sasa wewe ndiye umemfundisha mwanangu kufua?"