Kiuno cha afande hakijapimwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, sare ya kazi inaweza kumdhuru anayeivaa?" Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na kota za polisi, na kwa miaka 19 nimefumua sare nyingi kuliko nilivyoshona magauni. Jibu langu ni ndiyo, tena wanaoumia zaidi ni askari wa kike.

Suruali nyingi ninazoletewa zimekatwa kwa umbo la mwanamume. Wateja wangu wa kike, nyonga huzidi kiuno kwa inchi 10 hivi; suruali wanazopewa zimeacha 6 au 7. Kwa hiyo mtu huchukua inayomwenea nyonga, kisha kiunoni inapwaya. Anaikunja, anaikaza kwa mkanda, na kwenye mkanda huohuo zinaning'inia pingu, rungu na redio. Jioni moja trafiki mmoja aliuvua mbele yangu ili nimpime. Mikunjo ya kitambaa ilikuwa imejichora kwenye ngozi, mistari myekundu kiuno kizima, na upande wa redio pamechubuka. Akaniambia, "Dada fundi, tangu asubuhi sijanywa maji." Kisa ni choo. Kuvua vyote vile na kuvivaa tena ni kazi, na barabarani hana wa kumshikia. Mwaka ule alishatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili.

Wanaume nao hawajapona. Sajenti mmoja alikuwa akisikia ganzi na moto upande wa nje wa paja, akadhani ni kiharusi kinamnyemelea. Daktari akamwambia ni mkanda, unakandamiza mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga. Nikamtanulia kiuno inchi 2, akalegeza mkanda, ganzi ikaanza kupungua baada ya wiki kadhaa. Viatu nawaachia wenye ujuzi navyo, ila askari aliyejaza pamba kwenye buti hamkamati kibaka.

Kinachoniuma ni kwamba sare zikitajwa, sisi tunaangalia rangi. Wenzetu Kenya walipobadilisha sare za polisi mwaka 2018, gumzo likawa ni ile buluu mpya. Rangi haimchubui mtu. Kule Eau Claire, jimbo la Wisconsin, Marekani, chuo kikuu cha hapo na hospitali ya Mayo Clinic walifanya utafiti wa miezi 6: askari wakavalishwa vizibao vyenye mifuko, sehemu kubwa ya vifaa ikatoka kiunoni, na maumivu ya mgongo na nyonga yakapungua. Hao walianza na mwili wa askari.

Fundi wa mtaani naye ana mwisho wake. Kitambaa kikikatwa bila akiba ndani ya mshono, hata nifumue vipi sipati kitu. Kumpima askari mmoja kifua, kiuno, nyonga, paja na urefu hunichukua dakika 5. Hizo dakika 5 zitumike kambini, kabla mkasi haujagusa jora, na askari wa kike wapimwe na mwanamke mwenzao.

Yule trafiki nilimfumulia suruali mbili, nikaongeza kipande nyonga zote mbili na lastiki kiunoni. Fedha alitoa kwenye mshahara wake, kwa awamu mbili.