Bunduki yangu ya .22 haitoki mkononi: maneno kwa wanaoanza kulenga shabaha

Bunduki kadhaa zimepita mikononi mwangu. Nyingine niliziuza, nyingine nilibadilishana na wenzangu, na sijazijutia. Ipo moja tu ambayo siitoi kwa mtu: CZ 452, bunduki ya .22 (upana wa mtutu kwa sehemu za inchi) ya bolti, yaani chuma cha kuvuta kwa mkono kinachoingiza na kutoa risasi, kutoka Jamhuri ya Cheki, yenye mti wa kahawia (sehemu ya mbao inayoshikwa) uliokwaruzika na magazini ndogo ya risasi 5. Aina hiyo haitengenezwi tena. Ilifuatwa na 455, kisha 457, na bunduki hizo nazo ni nzuri. Wanaoanza huniuliza hii yangu ina nini cha pekee. Haina kitu cha pekee zaidi ya hiki: naijua. Nimekaa nayo muda wa kutosha kujua ikikosa shabaha kosa ni la nani, na hilo ndilo ningependa nawe ulipate, mapema kuliko nilivyolipata mimi.

Anza kwa kuielewa risasi yenyewe. Risasi ya bunduki kubwa ina fataki katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 haina. Kemikali ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, pande zote. Pini ya bunduki hugonga ukingo huo, ukingo hubanwa kwenye mdomo wa chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa), cheche hutoka na baruti hushika moto. Ganda lazima liwe jembamba ili ukingo ukubali kubonyea, na likishapigwa halijazwi tena. Kwa sababu hiyohiyo usizoee kufyatua bunduki tupu ya .22 kabla hujasoma kitabu chake cha maelekezo. Pasipo ganda, kwenye baadhi ya bunduki pini hugonga chuma cha chemba na kukiachia alama, na kidogo kidogo ganda linaanza kukwama. Ziko zinazoruhusu, kwa mfano Ruger 10/22. Nyingi za zamani haziruhusu.

Risasi ninayoizungumzia, .22 Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887, na hadi leo haijabadilika sana. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na kile cha kasi ya kawaida hutoka mtutuni kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Zipo pia za kasi kubwa, zinazokaribia mita 380. Mgeni huona 380 na kuamini kwamba ndiyo bora. Nami niliamini hivyo, nikapiga maboksi mengi nikishangaa kwa nini mita 100 zinanikataa.

Sababu ilinichukua muda kuikubali: upepo wa ubavuni huisukuma zaidi ile yenye kasi kubwa. Kinachoipa nafasi upepo ni kasi inayopotea njiani, na kichwa kinachotoka kwa mwendo unaopita wa sauti hupoteza kasi yake upesi mno. Kile cha kasi ya kawaida hakina kingi cha kupoteza. Ukilenga karatasi, nunua ya kasi ya kawaida. Na ukishairekebisha bunduki ipige sawasawa kwenye mita 50, usitarajie mita 100 iwe hivyo hivyo, kwani itakuwa imeshuka kwa sentimita 20 hivi au zaidi. Pima kwa bunduki yako, kisha andika.

Halafu kila mtutu una risasi unayoipenda. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kutofautiana kabisa katika hili, na bei ya boksi haikupi jibu. Mimi hufanya hivi: nachukua aina nne au tano, naweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, napiga makundi matano ya risasi tano kwa kila aina kwenye mita 50. Kila nikibadilisha aina, risasi 15 za mwanzo sizihesabu. Mafuta na nta ya aina iliyopita bado yamo ndani ya mtutu, na hadi yaishe utakuwa unapima mchanganyiko. Kundi moja zuri lisikudanganye. Angalia yote matano. Ukipata inayokaa pamoja, tazama kwenye boksi namba ya toleo (la risasi zilizotengenezwa pamoja) na ununue nyingi za namba hiyo kadiri unavyoweza.

Sasa nikusimulie siku niliyokaribia kuipoteza bunduki hii. Ilikuwa imeanza kutawanya. Matundu yaliyozoea kugusana yakawa yanakaa mbalimbali, moja juu, moja kulia, lingine silioni kwenye karatasi. Nilibadilisha risasi. Nilisafisha mtutu, nikausafisha tena. Nilianza kuamini kwamba mtutu umechoka, na tayari nilikuwa nimekubaliana na mwenzangu tubadilishane, anipe mpya kidogo nami nimwongeze. Mzee mmoja aliyekuwa akilenga nafasi ya pili kutoka kwangu alinitazama kwa muda, akaomba aishike. Alihakikisha chemba ni tupu, akaweka kidole pale mti unapokutana na mtutu, kisha kwa mkono wa pili akauminya mti. Akaniambia nami niweke kidole changu pale pale. Nilisikia kitu kikicheza. Kilikuwa kidogo sana, huwezi kukiona kwa macho, lakini kidole kilikisikia.

Alitoa bisibisi mfukoni. Skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye mti zilikuwa zimelegea, ya mbele ikazunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kukaza. Hakusema neno. Nilipiga tano, matundu yakarudi kuwa kundi moja ambalo ungelifunika kwa kifungo cha shati. Zilikuwa zimelegea kwa sababu sikuwahi kuzigusa tangu siku ya kwanza, na mti hujaa unyevu na kukauka majira yakibadilika. Tangu hapo, bunduki ikinikosea, naanza na skrubu za mti, kisha za darubini, kisha risasi, kisha mimi mwenyewe. Mtutu huwa wa mwisho kabisa. Mtutu wa .22 hupigwa na risasi laini zisizo na joto kali, na unaotunzwa hudumu kwa makumi ya maelfu ya risasi.

Kinachouharibu zaidi ni usafishaji wa pupa. Ufito wa kusafishia ukipitishwa kutoka mdomoni mwa mtutu, husugua ukingo wa mwisho ambao kichwa cha risasi huugusa kikiaga. Toa bolti, pitisha ufito kutoka nyuma, kitambaa kimoja au viwili vyenye mafuta kidogo, basi. Nje ya chuma, futa alama za vidole kila jioni. Chemba isafishe mara nyingi kuliko mtutu.

Kuhusu mwili wako nina jambo moja la kukazania. Risasi hii ni ya polepole, kwa hiyo hukaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko ya bunduki kubwa, na katika muda huo kila unachofanya huiandikia njia. Ukiinua kichwa ili uone ilikopiga, umeisogeza. Vuta kifyatulio taratibu, mlio ukitoka endelea kukivuta na uendelee kutazama shabaha huku shavu limelala kwenye mti, hesabu moja, ndipo upumue. Kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 50 duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu. Wanaolipiga mara kwa mara hawana macho bora kuliko yako. Wamejifunza kutulia baada ya mlio.

Na tafadhali usiichukulie bunduki hii kuwa ya watoto kwa sababu ni ndogo na haipigi teke. Risasi yake inaweza kufika kilomita 1.5 hivi, na ikigonga maji, jiwe au udongo mgumu kwa pembe ya chini huruka na kwenda isikojulikana. Usipige kabla hujaona kitakachoizuia nyuma ya shabaha. Kutoa magazini si kuitoa risasi iliyo chembani. Vuta bolti, angalia kwa jicho, gusa kwa kidole. Ukivuta kifyatulio isilie, usifungue. Iache imeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 kamili, maana moto huweza kuchelewa. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama hapo hapo, toa bolti na utazame ndani ya mtutu, kwani kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo. Vaa miwani na kinga ya masikio. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla hujala. Kiswahili kimeyaita madini na kinachofyatuliwa kwa jina moja, risasi, na madini hayo ni sumu.

Daftari langu liko sandukuni pamoja na bunduki. Kila ukurasa una tarehe, aina na namba ya toleo la risasi, upepo ulikotoka, na mchoro wa matundu kwa kalamu. Ukurasa wa siku ile ya bisibisi una michoro miwili, mmoja umesambaa na mwingine ni nukta moja nene, na kati yake nimeandika neno moja: skrubu. Kuna aliyeniahidi 457 mpya kabisa yenye darubini juu yake, tubadilishane. Nilimshukuru, nikamwonyesha daftari, akalifungua kurasa chache, akalifunga, wala hakurudia tena.