Je, Kuna Dawa ya Kusafisha Mwili Baada ya Steroidi?

Swali: Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 26 na ninachezea klabu ya raga hapa Nairobi. Kwa wiki 12 nilidungwa steroidi za kujenga misuli, yaani testosteroni na nandroloni, na katika wiki 6 za mwisho nikaongeza vidonge vya steroidi nyingine, stanozololi. Niliacha miezi miwili iliyopita. Sina nguvu, sina hamu ya tendo la ndoa, na korodani zimepungua ukubwa. Vipimo vya ini vimetoka sawa. Mkufunzi wangu anauza dawa ya mitishamba ya kusafisha mwili kwa mwezi mmoja, na wengine wanasifu vidonge vya kusafisha ini. Ipi ni bora? – Msomaji, Kayole

Jibu: Usinunue yoyote kati ya hizo, kwa sababu hakuna uchafu wa kusafishwa. Neno hili "kusafisha" nimelisikia kwa wanamichezo wengi mno, na limewachelewesha kutafuta matibabu kuliko hata aibu yenyewe.

Kinachokusumbua ni kwamba testosteroni, homoni ya kiume, ilipoingia kwa wingi kutoka nje, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo iliacha kutoa homoni mbili, LH na FSH, ambazo ndizo huziamuru korodani kufanya kazi. Korodani zisizoamriwa husinyaa, na mbegu za kiume hupungua au hukosekana kabisa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufanyia majaribio sindano ya miligramu 200 za testosteroni kwa wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, likachapisha matokeo mwaka 1990, na wengi wa waliodungwa walibaki bila mbegu hata moja. Vijana wa kumbi za mazoezi hujidunga kiasi kikubwa kuliko hicho wakiamini wanaongeza uanaume.

Kwa wengi tezi huamka yenyewe, lakini huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na wachache huhitaji kutibiwa. Nenda kwa daktari wa homoni, umweleze kila ulichotumia bila kuficha, naye akupime testosteroni asubuhi pamoja na LH na FSH. Usijidunge tena ili upate nguvu, kwa maana utairudisha tezi usingizini. Ukiona huzuni inakulemea hadi unawaza kujidhuru, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa huzuni nzito baada ya kuacha steroidi ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika.

Sasa nije kwenye hayo majibu ya ini yaliyokutuliza. Ni kweli kwamba vidonge kama stanozololi vimetengenezwa visivunjwe upesi na ini, na kwa hiyo huweza kulijeruhi. Hata hivyo, moyo ndio unaonitia hofu zaidi. Steroidi hushusha kolestroli nzuri, yaani HDL, katika muda wa wiki chache tu, hupandisha ile mbaya, huongeza shinikizo la damu, na huizidisha damu chembe nyekundu hadi ikawa nzito na rahisi kuganda. Anayezitumia kwa miaka huweza kunenepa kuta za moyo, kisha moyo ukashindwa kusukuma damu ipasavyo, ilhali yeye mwenyewe anajiona simba uwanjani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye kipimo cha ini. Tena vimeng'enya vya ALT na AST vinavyopimwa humo hupatikana pia kwenye misuli, kwa hiyo mchezaji aliyenyanyua vyuma vizito jana anaweza kuonekana mgonjwa wa ini naye ni mzima. Omba upimwe shinikizo, kolestroli na wingi wa chembe nyekundu, na upigwe picha ya moyo.

Anayekuuzia sindano na kisha akakuuzia dawa ya kusafisha amepata faida mara mbili kwa mwili mmoja, na ninawaomba wachezaji wote wa jiji hili wamkatae. Mitishamba yake haitamficha mtu mbele ya shirika la ADAK linalopambana na pufya: mabaki ya nandroloni huweza kuonekana kwenye mkojo miezi mingi baada ya sindano ya mwisho, na adhabu ya kawaida ni marufuku ya miaka minne. Wasichana huambiwa kwamba dozi ndogo haina neno, ilhali wanariadha wa kike wa Ujerumani Mashariki waliopewa vidonge vya steroidi ya Oral-Turinabol walipata sauti nzito ambazo hazikurudi zilivyokuwa. Vijana ambao bado wanarefuka huweza kufunga mifupa yao mapema na kubaki wafupi. Na chupa zenyewe, ambazo mara nyingi hazijapita mikononi mwa mfamasia yeyote, hakuna anayejua zina nini ndani. Nimewauliza wachezaji waliokuja kwangu walidungwa wapi, nikaambiwa ni chooni, kwa sindano iliyotumiwa na wenzao wawili, bila mmoja wao kuwahi kupimwa homa ya ini aina ya B wala virusi vya ukimwi.